Lifunge daftari, mwanangu

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi kabla sijafungua madirisha. Umeniuliza: "Mama, nimesoma miezi mitatu, kitabu kizima nimekipiga mistari ya rangi, mbona nikikaa mbele ya karatasi kichwa kinakuwa kitupu? Au mimi sina akili ya mitihani?" Nilitaka kukupigia simu, nikaona tutaishia kubembelezana. Hili ni la kuandika.

Akili unayo. Asiye na akili hafungi hesabu za mwezi za ofisi nzima pale Posta, akavuka maji kurudi Kigamboni, akapika, akamlaza mtoto, kisha akafungua kitabu saa tatu usiku. Karatasi hiyo moja ya mtihani wa NBAA, bodi ya wahasibu, imekurudisha Novemba iliyopita, ikakurudisha tena Mei, na sasa zimebaki wiki tisa. Kinachokuangusha ni namna unavyosoma. Na namna hiyo, kwa sehemu kubwa, tulikufundisha sisi walimu, na mimi ni mmojawao.

Nimefundisha miaka 31. Darasani watoto walikuwa wengi, vitabu vichache, basi nilikuwa naandika notisi ubaoni, wao wananakili, na wiki ya mtihani wanazisoma mpaka karatasi zinalainika. Wewe nilikukuta barazani ukiwa darasa la sita, unasoma ukurasa uleule mara ya kumi, nikajisifu kwa jirani kwamba binti yangu ana bidii. Bidii ulikuwa nayo kweli. Lakini ilinipasa nilichukue lile daftari mkononi mwako, nilifunge, nikwambie: haya, nieleze. Sikufanya hivyo, na jambo hili limekuwa likinikaa moyoni tangu uliposhindwa mara ya kwanza.

Ukurasa ukiurudia sana, jicho linauzoea, na ukishauzoea unadhani umeujua. Fikiria yule mtu unayemwona kila asubuhi kwenye kivuko. Ukimwona unamtambua mara moja. Ukipewa penseli umchore, hujui uanzie kwenye paji la uso au kwenye kidevu. Kusoma na kusoma tena kunakupa kutambua. Mtihani unakupa penseli.

Kuna jaribio lililofanywa Marekani ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma, wakakisoma tena. Kingine walikisoma mara moja, kikaondolewa, wakaandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kile kilichosomwa mara mbili kiliongoza kidogo. Walipopimwa wengine baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: kilichorudiwa kusomwa walikumbuka asilimia 42, na kile walichojaribu kukiandika bila kukitazama, asilimia 56. Zitazame vizuri zile dakika tano, mwanangu, kwa sababu ndizo zinazokudanganya. Unafunga kitabu saa tano usiku, yote unayaona, unalala umeridhika. Mtihani hauko saa tano na dakika tano usiku huo. Uko Novemba.

Mwanao anayafanya haya kila Jumamosi bila kuambiwa na mtafiti. Akitoka madrasa hapa mtaani ananisomea sura aliyopewa. Ustadhi wao anachukua juzuu, anaifunga, anasikiliza. Mtoto akikwama, anasahihishwa neno lile alilokwamia tu, kisha anaendelea. Na kabla ya darsa jipya lazima asome la jana, na mara nyingine la wiki iliyopita. Wazee walikuwa na neno lake, kudurusu, sisi tumelipoteza tukabaki na "kupiga msuli". Wewe somo lako linataka maana zaidi ya matamshi, hilo najua, lakini vile vitendo viwili vichukue kama vilivyo: juzuu imefungwa, na la jana linatangulia.

La jana linatangulia kwa sababu kusahau kuna haraka yake. Chuoni Chang'ombe, nilipokuwa nasomea ualimu, tulifundishwa habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kutoa kitabu chake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kupotea hutokea mwanzoni kabisa, ndani ya saa na siku ya kwanza, kisha upotevu unapungua kasi. Kwa hiyo ulichosoma Jumatatu kiulize Jumanne, kikiwa bado hakijazama sana. Kiulize tena mwisho wa wiki, halafu baada ya wiki mbili. Kila ukikivuta kinakuwa kigumu zaidi kupotea. Saa moja iliyogawanywa hivyo ina faida kuliko saa nne za Jumapili moja.

Sasa nije kwenye lile ulilosema lilikuliza: hatua tano za IFRS 15, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayosema mapato ya mkataba na mteja yaandikwe lini na kwa kiasi gani. Uliniambia ulizijua kwa mpangilio, na swali lilipokuja na hadithi ya kampuni na mikataba yake, hukuona pa kuzitia. Mei ile uliporudi nyumbani ukanieleza kwa Kiswahili, kwa hasira, jikoni, na nikakuelewa mimi ambaye sijasoma uhasibu hata siku moja. Unakumbuka mfano uliotoa? Duka la Kariakoo linauza friji pamoja na matengenezo ya mwaka mzima kwa shilingi 900,000. Mkataba upo. Ndani yake mna ahadi mbili, friji na matengenezo. Bei ni 900,000. Friji likiuzwa peke yake ni 800,000 na matengenezo peke yake 200,000, jumla milioni moja, basi zile 900,000 zinagawanywa kwa uwiano huo: friji 720,000, matengenezo 180,000. Mwisho, mapato ya friji yanaandikwa siku mteja anapolipokea, na ya matengenezo 15,000 kila mwezi, kadiri ahadi inavyotimizwa. Uliyasema yote hayo ukiwa unamenya viazi. Hukuwa na kitabu.

Ujue basi kwamba somo limo ndani yako, ila limelala katika lugha moja na mtihani unakuja kwa nyingine. Ulisoma miaka saba kwa Kiswahili, ukaingia kidato cha kwanza ukakuta kila kitu kwa Kiingereza, ukajifunza kuokoka kwa kumeza sentensi nzima za kitabu. Sentensi uliyoimeza haipindiki. Kampuni ya kwenye swali ikiwa tofauti kidogo na ya kitabuni, haifai kitu. Nakuomba ufanye hivi kwa kila mada: kwanza ieleze kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwa mfano wa Kariakoo au Feri au saluni ya mtaani kwako. Mume wako akusikilize kama hajachoka, akiwa amechoka uambie ukuta. Ukishaielewa, chukua karatasi tupu uiandike kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi zako mwenyewe. Hapo ndipo ufungue kitabu uone ulipokosea. Patakuwa na makosa mengi wiki ya kwanza. Usiogope, hayo makosa ndiyo ratiba yako ya kesho.

Kwenye kivuko usibebe kitabu. Andika maswali matano kwenye kikaratasi, bila majibu. Toka Kigamboni mpaka Magogoni ni dakika chache, utajibu mawili au matatu kichwani, utakalokwama liwekee alama, na chakula cha mchana uliangalie. Hizo dakika siku zote zilikuwa zako.

Kuanzia wiki ya nne nataka uanze karatasi za nyuma. Bodi hutoa maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake, na najua unayo, maana uliniambia unayasoma. Majibu hayasomwi, mwanangu. Ukisoma jibu zuri la mtu mwingine utakubaliana nalo neno kwa neno, na kesho huwezi kuliandika. Fanya swali kwanza, kwa saa, kalamu mkononi, simu iko chumba kingine. Kama karatasi ni ya muda wa saa tatu na alama 100, swali la alama 20 lina dakika 36 tu, na dakika ya 37 unaiba ya swali jingine. Hili la muda limewaangusha watoto wengi mikononi mwangu. Wanaandika kurasa tano kwenye swali wanalolipenda, la mwisho wanaliacha tupu. Na uangalie kitenzi cha swali. Likikwambia umshauri mkurugenzi, nawe ukakokotoa ukanyamaza, hesabu inaweza kuwa sahihi na alama za ushauri zikapotea zote.

Kukesha uache. Najua wenzako ofisini wanasifiana kwa kukesha. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga ulichoweka mchana, na mtu aliyekesha anaingia mtihanini na mzigo haujafungwa. Saa nne na nusu zima taa. Ukitaka muda zaidi, amka saa kumi na moja alfajiri, kabla mtoto hajakuita.

Nimezungumza na dada yako, atakuwa anamchukua mjukuu wangu kila Jumamosi baada ya madrasa mpaka magharibi, hadi mtihani upite. Na cherehani nimeiondoa mezani. Jumamosi hii njoo saa tatu asubuhi, na swali moja la karatasi ya nyuma, la alama 20. Kitabu kiache Kigamboni. Mimi nitashika saa, dakika 36, na zikiisha nitachukua karatasi hata kama hujamaliza. Kisha utanieleza ulichoandika, kwa Kiswahili, na chai itakuwa tayari.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako