Mbwa wangu anamwaga udenda na kuruka hataki: ni mgonjwa au mvivu?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Kihesa, Iringa. Nina dume la boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi, anaitwa Bosi, ana miezi 14, na tulipompandisha kwenye mizani ya kupimia mahindi alikuwa na kilo 58. La kwanza ni udenda. Umejaa ukutani, kwenye sare za watoto, hata kwenye ndoo ya maji. Jirani mmoja anasema ni ugonjwa, mwingine anasema midomo ikikatwa kidogo unakwisha. La pili, watoto waliona kwenye simu mashindano ya mbwa kuruka vizuizi, baba yao akachimbia miti ya mlingoti nyuma ya nyumba, urefu kama sentimita 60. Mchana wakitoka shule wanamfanyisha mazoezi. Anaruka mara mbili tatu, kisha analala chini na povu mdomoni, ukimwita haji. Je, ni mvivu? Au mbwa wa namna hii hafai kwa michezo?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na la haraka: msimrushe tena. Bosi si mvivu hata kidogo. Mbwa wa kilo 58 anayelala chini akitoa povu kwenye jua la mchana amezidiwa na joto, na anafanya jambo la busara kuliko yote anayoweza kulifanya.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na njia ya pumzi iliyolowa, maji yanageuka mvuke, damu inapoa. Hiyo ndiyo rejeta yake. Mwili mkubwa unatengeneza joto jingi na unalitoa polepole. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na pointi kidogo. Likipita 40 akiwa anahema kwa nguvu, ufizi umekuwa mwekundu sana na anayumba, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mwite daktari wa mifugo. Msimfunike na taulo lililolowa mkaliacha, maana likishapata joto linakuwa blanketi. Watu wa huku nyanda za juu tunadanganywa na baridi ya Juni na Julai, tunadhani mbwa hawezi kuugua joto. Njooni Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika, mtaona.

Kwa hiyo mazoezi yawe saa 12 hadi saa 2 asubuhi, au jioni jua likishazama. Maji yawe karibu. Mbwa wa uzito wake anahitaji kama lita 3 kwa siku, na siku ya kazi zaidi.

Sasa udenda. Angalia midomo ya juu ya Bosi: imelegea na kuning'inia, na pembeni kuna mkunjo kama mfuko. Mbwa wa kienyeji ana midomo iliyobana, mate yake anayameza. Bosi anatengeneza mate kama mbwa yeyote wa ukubwa wake, ila hayana pa kukaa, yanamwagika. Akisikia sufuria inakorogwa yanaongezeka, kwa sababu tumbo limeshajua kinachokuja. Ndivyo alivyoumbwa, hakuna ugonjwa hapo.

Kukata midomo kwa ajili ya ukuta na sare za shule, mimi sikubali. Ni upasuaji wa kweli, wenye usingizi wa dawa na kidonda mahali panapolowa saa zote. Upasuaji wa midomo upo kwa mbwa ambao mikunjo yao inaoza mara kwa mara na dawa zimeshindwa, na Bosi hayuko huko. Na asiwepo mtu wa kukuuzia dawa ya kukausha mate. Dawa hizo zipo, lakini zinagusa moyo na macho pia, na mbwa anayepozwa na unyevu wa kinywa chake usimkaushe kinywa.

Fanya hivi: kipande cha kanga iliyochakaa, pamba tupu, mfungieni shingoni kama skafu na mbadilishe kinapolowa. Mpanguseni mdomo akitoka kunywa maji, kabla hajatikisa kichwa. Kila siku mbili fungueni ile mikunjo, safisheni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha mkaushe kabisa. Kukausha ndiko muhimu. Harufu mbaya, wekundu au unyevu unaonata maana yake ngozi imeanza kuharibika, mleteni.

Hapa naomba tuzungumze taratibu. Udenda wa siku zote ni tabia. Udenda wa ghafla ni dalili. Ukiona mbwa yeyote, wako au wa jirani, ameanza kutoa udenda ambao hakuwa nao, taya la chini linaning'inia, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, amekuwa mkali au mpole kupita kawaida yake, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa kinaanza hivyo hivyo, na watu wengi wameingiza mkono kwa huruma. Aliyeng'atwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Kwa mwenye mbwa wa udenda jambo hili ni zito mara mbili, kwa sababu jicho lake limeshazoea mate. Chanjo ya Bosi isipite mwaka, na kadi itunzeni.

Nirudi kwenye michezo, ambako nadhani ndiko moyo wa watoto ulipo. Mchezo walioona unaitwa ajiliti. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, na waliobuni waliiga mashindano ya farasi wa kuruka. Wanaotamba humo ni mbwa wa kuchunga kondoo kama border collie, wenye kilo 14 hadi 20. Bosi ni watatu wa hao ndani ya ngozi moja. Akishuka kutoka sentimita 60, uzito wote unatua kwanza kwenye miguu ya mbele, na mifupa yake haijakomaa. Mbwa wadogo wanamaliza kukua kwenye mwaka mmoja hivi, lakini wakubwa kama yeye wanafika miezi 18, wengine 24. Hadi hapo ncha za mifupa mirefu zina gegedu laini, ambalo likipondwa mguu unaweza kukua umepinda. Ongeza nyonga na viwiko, ambavyo ni udhaifu wa mbwa wakubwa kwa kurithi, utaona kwa nini nimesema msimrushe.

Lakini pua! Hiyo haina umri wala uzito. Nchi hii inapaswa kulijua hilo kuliko nyingine. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Njia yao ni rahisi: panya akigundua harufu, anasikia mlio mfupi, anapata ndizi. Bosi atajifunza kwa njia hiyo hiyo.

Chukueni maboksi matatu matupu. Wekeni dagaa wachache ndani ya moja, mbwa akiangalia, kisha mwachieni anuse. Akitia pua kwenye lenye dagaa, mtoto aseme "ndiyo!" mara moja na ampe dagaa mwingine hapo hapo, juu ya boksi. Msimwelekeze kidole wala msimwite jina. Siku ya tatu au ya nne fichieni bila yeye kuona, kisha ongezeni maboksi, kisha hamieni nyuma ya mlango, chini ya kigoda, kwenye bustani ya migomba. Akishaelewa, wekeni karafuu chache ndani ya kikopo chenye matundu, kifungwe asizile, na dagaa atoke mkononi kama malipo. Harufu ya karafuu ni mojawapo ya zinazotumika kwenye mashindano ya kunusa huko Marekani, nasi tunaipata sokoni. Dakika 10 zinatosha. Kunusa kwa makini kunachosha kuliko inavyoonekana. Na udenda utamwagika wakati huo kuliko wakati wowote. Uacheni umwagike, ni hamu ya kazi.

Akitimiza miaka miwili na daktari akiridhika na nyonga zake, mnaweza kumfundisha kuvuta. Mbwa wakubwa wa milimani kule Uswisi walikuwa wakivuta mikokoteni ya maziwa. Avae mikanda ya kifuani, kamwe si ya shingoni, na mwanze na dumu tupu linaloburuzwa ili azoee kelele nyuma yake.

Kuhusu chakula sikuambiwa, ila mbwa wengi wa ulinzi wanapewa sufuria moja kubwa ya ugali usiku. Gawanyeni mara mbili, na asifanye mazoezi saa moja kabla ya kula wala saa mbili baada. Mbwa wenye kifua kirefu tumbo lao linaweza kujaa hewa na kujipinda. Anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limekaza kama ngoma, hatulii. Hapo msingoje asubuhi, ni suala la saa chache. Unga au pumba za mahindi zenye ukungu msimpe, sumukuvu inaua mbwa upesi. Na kokwa za parachichi ziokoteni uani. Nimewahi kumpasua mbwa wa Uyole kutoa moja iliyoziba utumbo.

Ile miti ya mlingoti msiitupe. Ing'oeni, mchague minne iliyonyooka, muilaze chini kwenye majani, nafasi kati ya mti na mti iwe hatua moja ya Bosi. Mmoja wa watoto atembee naye polepole, kamba ikiwa imelegea, mpaka apite bila kugusa mti.