Kukadiria idadi ya bweha: kwa wanaoanza kazi ya uwandani Lindi na Mtwara

Anayeanza kazi hii huku kwetu hupewa tochi kubwa, GPS na fomu, kisha hutumwa porini usiku. Asubuhi akirudi na fomu yenye bweha tisa, huulizwa swali moja tu: wako wangapi? Ningependa kila mgeni ajue tangu siku ya kwanza kwamba tisa ni idadi ya walioonekana, na kwamba uzito wote wa kazi yetu umo katika kujua ni wangapi walikuwepo tusiwaone.

Mimi nilijifunza hilo kwa kukosea. Katika mwaka wangu wa kwanza tuliipita njia ileile wilayani Liwale mara mbili: Juni, nyasi zikiwa bado zinafika kifuani, na Septemba, baada ya moto wa pori kupita. Safari ya pili tuliwaona bweha wengi zaidi kwa mbali, nami nikaandika kwa furaha kwamba wameongezeka. Hawakuwa wameongezeka. Moto ulikuwa umeondoa nyasi, na mnyama ambaye Juni angejificha hatua kumi kutoka kwetu sasa alionekana akiwa ng'ambo ya mbuga. Tangu hapo silinganishi misimu miwili kabla sijapima uwezo wetu wa kuona katika kila msimu.

Njia ya kupima uwezo huo ni kurekodi umbali. Kila unapomwona bweha, pima umbali wako naye na pembe kati yake na mstari unaoufuata, kabla hajasogea; akiwa mita 80 kwa pembe ya digrii 30, yuko mita 40 kutoka kwenye mstari. Wanyama wanavyozidi kupungua kwenye fomu kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo unavyopata kukadiria wangapi walikupita. Hesabu hii huhitaji walau mara 60 za kuona, nayo hudai kwamba aliye juu ya mstari wenyewe asikosekane kamwe. Mistari ipangwe kwa bahati nasibu, wala isifuate barabara, kwa sababu bweha hupenda kutembea barabarani, na ukiwahesabu huko utawazidisha. Hakikisha pia macho yanayong'aa ni ya bweha: mwangaza wa rangi ya chungwa juu mtini ni komba, na anayetulia chini huku akikutazama huenda akawa fungo, kanu, au mbwa wa kijijini. Nao wanakijiji ukiwauliza habari za bweha, waonyeshe picha kwanza, maana wapo wanaochanganya bweha na mbwa mwitu.

Wengi huja wakiwa na imani kubwa na kamera za kutegwa, zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita. Kwa chui zinafaa sana, kwa kuwa kila chui ana madoa yake. Bweha miraba wetu hawatofautiki kwa urahisi hivyo, na picha 40 zinaweza kuwa za jozi moja inayopita hapo kila usiku. Mwaka 2008 ilichapishwa hesabu isiyohitaji kumtambua mnyama mmojammoja, lakini nayo hutaka ujue bweha hutembea umbali gani kwa siku, na eneo ambalo kamera inaona kweli.

Kukamata na kuwavisha alama ni hesabu nyepesi kwenye karatasi. Ukiwavisha alama 20, kisha baadaye ukanasa 30 na kukuta 6 wenye alama, unapata 20 mara 30 gawanya kwa 6, yaani 100; sahihisho la mtakwimu Chapman, linalofaa pale idadi ni ndogo, linatoa 92. Uwandani ni kazi ngumu, kwani bweha aliyenaswa mara moja huukwepa mtego.

Kuhesabu kinyesi kumetumika sana kwa mbweha wekundu wa Uingereza. Unasafisha njia, unarudi baada ya siku unazozijua, kisha unahesabu kilichoongezeka. Huku kwetu fanya hivyo wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua na wadudu wanaofukia mavi hukimaliza haraka. Rundo kubwa mahali pamoja, lenye mbegu za matunda, mara nyingi ni choo cha fungo.

Usiku tembea na askari wa wanyamapori, na upate chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kumgusa mnyama yeyote. Utafiti uliofuatilia walioumwa na wanyama Lindi na Mtwara kuanzia 2011 hadi 2019 ulikuta bweha ni sehemu kubwa ya wanyama waliougua kichaa, na swali la kama wanaweza kuuendeleza ugonjwa huo bila mbwa linategemea wingi wao kwa kilometa ya mraba. Kwa hiyo usimpe daktari wa mifugo namba moja tupu. Kama makadirio yako ni 90, lakini hesabu inaruhusu kuanzia 60 hadi 150, ziandike zote tatu, na ueleze pembeni nyasi zilikuwa na urefu gani usiku ule.