Asiye raia naye anaweza kumpigia mbunge simu

Umeuliza kama ndugu yako anayeishi Waltham, Marekani, anaweza kumpigia mbunge wa huko simu kuupinga mswada wa uhamiaji. Ndiyo, anaruhusiwa hata kama hajapata uraia. Viti vya Baraza la Wawakilishi la Marekani hugawanywa kwa hesabu ya wakazi wote, si wapiga kura peke yao, kwa hiyo mbunge wa eneo lake anamwakilisha yeye pia. Apige 202-224-3121, simu ya mapokezi ya Bunge la Marekani, aombe ofisi ya mbunge wake. Karani atamuuliza msimbo wa posta, halafu ataandika msimamo wake; amtajie namba ya mswada. Dada yangu aliye huko hufanya hivyo, humalizi hata dakika tatu. Sisi tulio Kampala simu zetu hazina uzito, maana hatuna mbunge kule. Na kama ndugu yako hana makaratasi ya kuishi huko, asiseme hali yake, hailazimiki kabisa.