Sabufa haipo, plagi ipo: nifunge nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua Mazda CX-5 ya mwaka 2014 kwa mtu, yeye ndiye aliyeiagiza kutoka Japani. Kwenye spika imeandikwa Bose, lakini muziki ni mkavu, besi hakuna kabisa. Nilipofunua zulia la buti nikakuta tairi la spea limelala, na pembeni yake plagi inaning'inia haijachomekwa popote. Kijana wa gereji anasema hiyo ni plagi ya sabufa, nilete sabufa yoyote ya inchi 10 aifunge. Nimfuate?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kijana kasema kweli nusu. Plagi huenda ni ya sabufa kweli, ila hiyo "yoyote" ndiyo itakayokuunguzia ampu, yaani kile kifaa kinachokuza sauti.

Kwanza tuitafute iliyopotea. Kwenye CX-5 zenye Bose, sabufa ni dude la plastiki la duara, kama sufuria iliyofunikwa, linalokaa kwenye shimo la tairi la spea. Gari nyingi za Japani siku hizi hazibebi spea. Zinabeba chupa ya gundi na pampu ndogo. Gari ikifika huku, mwenyewe anataka tairi, tena la ukubwa kamili. Anakuta shimo lina mpangaji. Basi mpangaji anatolewa, anatupwa stoo, na siku gari inauzwa hakuna anayemkumbuka. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, mpigie aliyekuuzia. Niliwahi kuikuta moja gerejini mafundi wameigeuza kigoda cha kukalia wakati wa chai.

Akisema hana, angalia redio. Je, bado ni ile iliyokuja na gari, au imefungwa ya Android? Wengi hubadilisha kwa sababu redio za Kijapani huishia karibu na MHz 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Tatizo ni kwamba mfumo wa Bose una ampu yake mbali na redio, na fundi mwenye haraka huiruka, akapeleka waya za redio mpya moja kwa moja kwenye spika za milango. Akifanya hivyo ile plagi ya buti inabaki imekufa, hata ukiirudishia sabufa yake halisi haitalia.

Kujua kama iko hai ni kazi ya dakika tano. Weka wimbo wenye mdundo mzito, sauti ya kati. Seti mita yako kwenye volti za AC, gusa pini za plagi mbili mbili. Tarakimu zikicheza kufuata mdundo, hata kama ni sehemu ya volti moja tu, ampu inatoa. Kisha hesabu pini zenye waya. Zikiwa mbili, ni spika ya kawaida inayosubiri umeme wa ampu. Zikiwa nne, ama koili (nyaya zilizozungushwa ndani ya spika zinazoisukuma) ni mbili, ama sabufa yenyewe ina ampu ndani. Kwa hiyo rudisha mita kwenye DC uone kama kuna pini yenye volti 12 redio ikiwa imewashwa. Ukiipata, ile iliyotoka ilikuwa na ampu yake, na spika tupu hapo haifai kabisa.

Sasa nije kwenye ile "yoyote". Spika hupimwa kwa omu, yaani inavyozuia umeme kupita, na spika za Bose za kwenye magari mara nyingi zina omu chache kuliko hizi za dukani, ambazo nyingi ni 4. Tuseme ampu inatoa volti 10 na ilizoea mzigo wa omu 2: inapitisha ampea 5, yaani wati 50. Ukiweka ya omu 4 zinapita ampea 2.5, wati 25. Haiungui kitu, ila besi itapungua. Hatari iko upande wa pili. Kijana akikuletea yenye koili mbili akaziunganisha sambamba mpaka ikashuka omu 1, ampu italazimika kutoa ampea 10, na hiyo si kazi iliyotengenezewa. Ikiwa na bahati itajizima. Isipokuwa nayo, utasikia harufu.

Halafu kuna boksi. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana. Besi ndiyo ya kwanza kufa. Lile dude la plastiki lilikuwa boksi lililopimwa kwa spika yake. Inchi 10 iliyolazwa wazi kwenye buti itatikisa namba ya gari na kukupa mlio wa debe.

Ningekuwa mimi? Kama spea uliyonayo ni ile nyembamba ya dharura, ningetafuta sabufa ya mtumba iliyotoka kwenye CX-5 ya umbo hilohilo yenye Bose, kwenye maduka ya spea zilizotumika. Nenda na picha ya plagi yako na ulinganishe pini kabla ya kulipa. Wakiwa na betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kwenye pini za koili: ikilia "tap" safi ni nzima, ikikwaruza iache hapohapo. Kama ina ampu ndani, jaribio hilo halifai, dai waiwashe.

Lakini kama spea yako ni ya ukubwa kamili na barabara zako ni za vumbi na mawe, usiitoe tairi kwa ajili ya muziki. Funga sabufa bapa ya chini ya siti, yenye ampu ndani na inayopokea waya za spika moja kwa moja. Signali ichukue kwenye ile plagi ya buti, si milangoni, maana ampu ya kiwandani inaweza kuwa imeshachuja besi za chini kabla hazijafika kule. Waya zote mbili za signali ziende kwenye sabufa; ule wa hasi usiufunge kwenye bodi hata ukiambiwa ni ethi tu, kwa ampu za aina hii ni kuisababishia shoti.

Umeme utoke kwenye betri, fyuzi iwe ndani ya sentimita 30 hivi kutoka hapo, na ukubwa wake ufuate kitabu cha sabufa. Waya uwe wa shaba, milimita za mraba 6 zinatosha kwa sabufa nyingi za chini ya siti. Chubua ncha uikwangue kwa kisu: ikitoa weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Ethi ifunge kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Usiifunge kwenye kichwa hasi cha betri, kwa sababu gari hizi zenye i-stop, mfumo unaozima injini yenyewe ukisimama, zina sensa pale inayohesabu umeme unaoingia na kutoka.

Ukimaliza, cheza wimbo unaoufahamu vizuri na geuza swichi ya fezi ya sabufa, ile inayogeuza msukumo wake uende sawa au kinyume na spika nyingine, huku na huku. Upande wenye besi nene zaidi ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva, uache hapo.