Mkojo wa Usiku na Hesabu ya Dereva

SWALI: Mzee, habari ya siku. Mimi ni dereva wa matatu, umri miaka 57. Tangu mwaka jana naamka mara nne au tano usiku. Choo cha ploti kiko chini na sisi tuko orofa ya tatu, kwa hiyo nimeanza kutumia mkebe wa rangi, na mama watoto analalamika. Mkojo unachelewa kutoka, ukitoka ni mwembamba, unakatika-katika. Mchana sinywi maji kwa sababu ya jam, mpaka nipaki gari saa tatu usiku. Kondakta wangu ameniletea unga wa gome la muiri. Jamaa wa stejini ananitisha kwamba hospitalini nitaingizwa kidole nyuma, na baada ya hapo mambo ya chumbani yamekwisha. Ndugu yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya tezi dume. Nifanyeje? (Dereva, Kayole)

JIBU: Ndugu dereva, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa chooni nimesimama nasubiri. Nilikuwa muuguzi miaka 31, nikavisha wanaume wenzangu mipira ya mkojo isiyohesabika, na bado tezi ikanipata.

Nianze na jambo ulilolificha mwisho. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani hii, hatari yake ni kama maradufu ya mwenzake, na sisi watu weusi tayari tuko juu kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kupimwa kwako si jambo la kungoja mwakani. Haya ya kuamka usiku yanaelekea zaidi kuwa tezi dume, inayozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, iliyokua kwa umri tu, maana ukifika miaka 60 karibu nusu ya wanaume wanayo. Lakini saratani ikianza huwa kimya kabisa, na hizo mbili zinaweza kukaa nyumba moja.

Kabla ya kwenda, fanya hesabu. Wewe kila jioni unajua umechoma mafuta ya shilingi ngapi. Sasa pima mkojo. Chukua chupa ya soda ya nusu lita, ikate mdomo, na kwa siku tatu andika kwenye daftari: saa ngapi umekojoa, kiasi gani, umekunywa nini. Ukiona usiku unatoa vijiko vichache kila mara, lawama ni ya tezi au kibofu. Ukiona unajaza chupa kila ukiamka, basi kuna jambo jingine: huenda ni sukari, huenda ni miguu iliyovimba mchana ikirudisha maji ukilala, huenda ni jagi unalomaliza saa tatu usiku na chai juu yake. Mtu anakaa na kiu kutwa nzima kisha anakunywa kama ngamia anapokwenda kulala, atalala saa ngapi? Kunywa asubuhi na mchana, ukojoe kila mwisho wa safari hata kama makanga anakuita. Hilo daftari daktari atalipenda kuliko maelezo yako yote.

Sasa kidole. Unalala ubavu, magoti kifuani, glavu, mafuta, na kabla hujamaliza kuona haya kazi imekwisha. Kunja ngumi sasa hivi, ubonyeze nyama iliyo chini ya kidole gumba. Tezi yenye afya huwa laini hivyo. Halafu bonyeza fundo la kidole: ugumu wa namna hiyo ndio daktari hapendi kuukuta. Hakuna mshipa wa nguvu za kiume unaokatwa hapo. Aliyekutisha, muulize alipimwa lini.

Utatolewa pia damu ya kipimo cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Siku mbili kabla yake usilale na mama watoto wala usipande baiskeli, maana namba hupanda bila sababu. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, yatibiwe kwanza na ungoje wiki kama sita. Namba ikizidi 4 si hukumu, ila uulize hatua inayofuata.

Muiri ni mti wa kweli. Uko Kakamega na Mlima Kenya, na gome lake limepelekwa Ulaya miaka mingi kutengenezea dawa za tezi, hadi mwaka 1995 biashara hiyo ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Utafiti kadhaa unaonyesha gome hilo hupunguza usumbufu kidogo. Saratani haliigusi, na unga wa kondakta hujui umechanganywa na nini. Ukiwa umeshaunywa, sema, hakuna atakayekugombeza.

Na dawa ya mafua! Mimi nilinunua tembe za kufungua pua msimu wa mvua, nikanywa mbili, na kufika usiku mkojo ukagoma kabisa. Nilipelekwa hospitalini nikiwa nimeinama kama mwenye mimba ya miezi tisa. Ilitoka lita moja na zaidi, na wiki nzima nikatembea na mfuko umefungwa pajani, nikavaa kanzu ya kakangu. Ukipewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, inywe usiku na uinuke polepole, kwa sababu huleta kizunguzungu. Siku za kwanza usikimbilie usukani. Mkojo ukigoma, ukiwa na damu, au ukiwa na homa na maumivu ya mgongo, usingoje zamu iishe.

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 aliamka na maumivu makali ya pumbu moja, yakaisha baada ya saa moja. Ninyamaze? (Mama, Githurai)

JIBU: Hapana, mama. Pumbu linaweza kujisokota na kujifungua lenyewe, na siku lisipojifungua una kama saa sita za kulinusuru. Mpeleke leo aonwe na daktari. Yakirudi, hata usiku wa manane, hospitali moja kwa moja, usipitie kwenye duka la dawa.