Nina betri ya moyo, ndo niache gitaa?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mpiga solo bendi ya dansi hapa Morogoro, nina miaka 61, miezi mitatu iliyopita niliwekewa betri ya moyo, iko kifuani upande wa kushoto. Tangu nirudi mama watoto kalificha gitaa langu kabatini anasema lina sumaku litaizima betri, na vijana wa bendi wananipigia kila siku kuna harusi mwisho wa mwezi. Nipige au ndo basi tena?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mwambie mama alitoe tu hilo gitaa, ingawa na yeye hajakosea sana. Sumaku ipo kweli, iko kwenye zile pikapu chini ya nyuzi (sio pikapu za kubebea matofali), na sumaku ikisogea karibu mno betri inaacha kusikiliza moyo wako inapiga mwendo wake mmoja tu mpaka sumaku iondoke, ikiondoka inarudi kawaida. Wanaotengeneza hizi betri wanataka sumaku ikae sentimita 15 kutoka kifaa kilipo, haifiki hata shibiri, sasa gitaa likikaa tumboni si umeshapita hapo. Usilivae juu kifuani basi, na usijilaze nalo kwenye kochi.

Spika ndo ina sumaku ya maana. Ampu (lile boksi la kukuza sauti, spika iko humo ndani) usiibebe kwa kuikumbatia, waachie vijana, umri unakuruhusu hahaha. Mkanda nao unapita bega la kushoto palepale kwenye betri, weka sponji au kaa kwenye kiti upige.

Ila mimi kinachonitisha sio gitaa, ni umeme wa kumbi zetu. Plagi ya miguu miwili, mtu anachokonoa tundu la juu na biro mpaka iingie, ethi (ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) hakuna, halafu unasogea kuimba kiitikio mdomo ukigusa maiki unapigwa kashoti unacheka mnaendelea. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani kule Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa maiki isiyo na ethi, na huyo hakuwa na betri yoyote. Kwako wewe hata kaumeme kadogo kanakopita mwilini betri inaweza kudhani ndo mapigo ya moyo ikanyamaza wakati unaihitaji, na kama yako ni ile aina ya kuushtua moyo inaweza kukurusha bila sababu. Kwa hiyo ampu yenye plagi ya miguu mitatu, ekstensheni yenye ethi, na fundi apime kabla hujashika nyuzi, maiki ikikuwasha mdomoni hata kidogo weka gitaa chini siku hiyo.

Ukisikia kizunguzungu au moyo unaruka acha kupiga, sogea mbali na vyombo, kisipoisha au ukirushwa na betri ni hospitali moja kwa moja usisubiri keki ikatwe. Hata kikiisha, andika ilikuwa saa ngapi uwapelekee kliniki, maana betri inatunza kumbukumbu na wanazisoma kwa mashine yao.