Mzee wa Usukani anajibu: Mimi nina siku 90, gari langu lina 30

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliokwama, wengine mmeandika mkiwa bado mko hukohuko njiani, na nimecheka, mnisamehe, maana mengi humu na mimi yameshanikuta. Nimechagua tano.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Usukani. Tuko watatu kwenye gari moja, hii ni wiki ya saba, tumeshakata nchi nne. Juzi tunatoka nchi moja, pasipoti zikagongwa fasta bila shida, viza zetu zilikuwa za siku 90 na sisi tulikaa 41 tu. Tunafika dirisha la forodha jamaa anatuambia gari limezidisha siku 11. Gari! Tumelala mpakani usiku mbili kwenye viti, faini tumelipa, na sasa tunagombana wenyewe kwa wenyewe nani alitakiwa ajue. Hivi gari nalo lina viza?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, lina, na ndo kitu kinachokamata watu wengi kuliko injini kufa. Uhamiaji wanakuhesabu wewe, forodha wanalihesabu gari, ni ofisi mbili tofauti na wala haziulizani. Wewe umeingia kama mgeni, ila gari kwao ni mali ambayo haijalipiwa ushuru, umeahidi tu kwamba utaondoka nalo. Kile kikaratasi ulichopewa siku ya kuingia, ambacho najua mlikitupia kwenye dashibodi bila kukisoma, ndo hiyo ahadi: kibali cha kuingiza gari kwa muda. Zipo nchi wanaandika siku 30 hata kama wewe mwenyewe umepewa miezi mitatu. Siku za kuongeza unaziomba kabla hazijaisha, tena kwenye ofisi ya forodha, usisubiri siku ya kutoka uanze kujieleza dirishani.

Wa safari ndefu zaidi, badala ya kile kikaratasi, wanabeba kitabu kinaitwa carnet de passages, kinatolewa kupitia klabu za magari, unaweka dhamana, na kinaishi mwaka 1. Pakistani na Iran kwa mfano wanakitaka. Kila ukurasa una vipande vitatu, kimoja kinachanwa ukiingia, kingine kinachanwa ukitoka, kinabaki kishina chako ambacho lazima kiwe na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Mihuri miwili, narudia, maana mimi nilitoka nchi moja jioni ofisi inafungwa, afisa kachana kipande chake, kanipungia mkono, na mimi nikampungia, tukaachana kwa upendo kabisa. Kesho yake niko kilomita 400 mbele nafungua kitabu naona kile kiboksi cha muhuri wa kutoka kiko cheupe pee. Kwa maandishi gari langu bado liko kule nilikotoka, na dhamana yangu iko hatarini. Nikageuza. Pale mpakani nikawaomba wa upande wa pili waniruhusu nivuke kwa miguu, nikamkuta yuleyule, akagonga muhuri bila hata kuniangalia usoni, na kilomita 400 nikazianza upya.

Nani alitakiwa ajue? Angalieni kibali kina jina la nani. Huyo. Lakini macho mnayo watatu.

SWALI: Mzee, gari letu ni la dizeli. Tulikuwa Jamhuri ya Cheki na Slovakia tunajaza "nafta" kila mahali, hamna tatizo. Tumepakia gari melini mpaka Argentina, sheli ya kwanza tu namwambia kijana nafta, akajaza tanki zima. Mita 500 gari likakohoa likazima. Nafta yao ni mbovu au wamechakachua?

JIBU: Hawajachakachua kitu, nafta yao nzuri tu, ila ni petroli! Cheki na Slovakia nafta ni dizeli, ukifika Argentina nafta ni petroli, na dizeli yao inaitwa gasoil. Mtego mwingine uko nchi za Kireno kama Angola na Msumbiji, gasóleo ni dizeli na gasolina ni petroli, sasa wewe umechoka, umetoka kuendesha kwa saa tisa nzima, injini zinanguruma, utasikia tofauti gani hapo? Usimtajie mtu jina, nenda mwenyewe kwenye pampu usome, na kwa ndani ya kamlango ka tanki andika DIZELI kwa lugha zote za nchi unazopita. Mimi nimeandika kwa rangi nyeupe, pabaya kutazama lakini panasaidia.

Ukigundua bado hujawasha, usiwashe. Hata swichi usiizungushe, maana kwenye magari mengi ukifungua swichi tu pampu ya tanki inaanza kusukuma. Dizeli ndo inailainisha pampu ya presha, petroli haiilainishi, kwa hiyo vyuma vinasagana vikavu na ule unga wake unasafiri mpaka kwenye nozeli. Wewe umeshatembea mita 500, basi vuta gari, mwaga tanki lote, halafu kabla fundi hajatupa filta ya zamani mwambie aimwagie kwenye kitambaa cheupe mkiangalia juani. Ikiwa safi, badilisha filta, toa hewa, jaza dizeli, jaribu. Ukiona vinametameta, hivyo ni vipande vya pampu yako, na hapo tafuta fundi pampu hasa, sio wa kubahatisha.

SWALI: Mimi nimetoka nchi wanayoendesha kushoto nimeingia wanayoendesha kulia. Mpakani nilikuwa makini sana, siku tatu baadaye nusura nigongane uso kwa uso na lori, barabara ilikuwa tupu kabisa. Ni uzee?

JIBU: Sio uzee. Mpakani unakuwa makini kwa sababu unaogopa, tena kuna mabango na magari mengine ya kufuata. Hatari inakuja ukishazoea: alfajiri unatoka sheli, barabara nyeupe, hamna gari hata moja la kukukumbusha, mkono unakwenda kule ulikozoea tangu utoto. Inawapata wanaovuka Moyale kutoka Kenya kwenda Ethiopia, wanaotoka Namibia kuingia Angola, Thailand kwenda Laos, yaani popote upande unapobadilika. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani upande wa barabara ambao gari linatakiwa lipite, na anayekaa pembeni kazi yake kila mnapoingia barabarani ni kutaja upande kwa sauti. Ukikereka vumilia.

SWALI: Ramani yangu inachora njia ya gari toka Alaska mpaka chini kabisa Argentina, ila pale Panama inagoma. Naiapdeti vipi?

JIBU: Ramani iko sahihi. Kati ya Panama na Kolombia kuna Darién, kama kilomita 100 za msitu na kinamasi, barabara haijawahi kupita. Gari linapanda meli, wengi wanatoa Colón ya Panama kupeleka Cartagena ya Kolombia, wewe unapanda ndege, na tanki liwe karibu tupu wakati wa kupakia.

SWALI: Keria ya juu imekatika barabarani, matairi mawili ya spea yamekwenda porini, shokapu za nyuma zinavuja. Barabara ilikuwa ya vumbi yenye vile vimawimbi kama bati, siku nne mfululizo. Gari nililiservisi kabla ya kuondoka. Na jambo jingine, mwenzangu anasema ni uendeshaji wangu, hatusemeshani toka jana na tumebakiza kilomita 3,000.

JIBU: Servisi ya nyumbani haikumbuki mtikisiko wa siku nne. Nati zinalegea zenyewe, taratibu, na ukitazama tu huoni. Mimi nikishakaza kila nati ya keria na ya shokapu napiga mstari mmoja wa rangi, unaanzia kwenye nati unamalizikia kwenye chuma, ili jioni nikipita na tochi nione mistari iliyokatika. Nati iliyozunguka hata kidogo inajionyesha, unakaza, unaenda kulala. Dakika kumi tu. Tairi mbili za spea juu ya keria nazo ni mzigo mkubwa kule juu, peleka vizito chini, nyuma ya viti, na juu bakiza vyepesi. Punguza upepo wa matairi kidogo, ukirudi kwenye lami jaza tena, usisahau, maana tairi laini kwenye lami kwa spidi linachemka mpaka linapasuka. Kuna wataalamu watakwambia ukikimbia 80 gari linaelea juu ya mawimbi. Ni kweli linaelea, ndo maana ukikata kona au ukishika breki halikusikii. Na shokapu mafuta yake yanapata moto, kila baada ya saa moja simama zipoe, hizo zako ziliomba maji hamkuzisikia.

Kuhusu mwenzako, kesho msiendeshe. Ufunguo mpe yeye, alale nao. Sisi tuliwahi kukata kilomita 600 bila neno, mtu na rafiki yake wa miaka, chanzo ni nani kasahau kufunga kopo la maji. Usiku wa pili tukapata pancha, jeki inazama kwenye mchanga, yeye yuko chini ya gari kalala chali, na neno la kwanza aliloniambia ni "shika tochi". Nikashika.